Msimu wetu wa futuhi na michezo ya nyimbo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya tumeyaokota mlangoni, kwenye simu na kwenye makundi ya WhatsApp ya mtaa. Swali lililojibiwa penginepo hatulirudii, tumekuelekeza liliko.

## Ya mwanzo

Mna michezo gani msimu huu?

Minne. Wa kwanza ni bahili wa Molière, futuhi ya Kifaransa ya mwaka 1668, ambayo sisi tumeihamishia Mji wa Kale wa Mombasa. Wa pili ni ule wa Nikolai Gogol wa mwaka 1836: wakubwa wa mji mdogo wanasikia kwamba mkaguzi wa serikali anakuja kisirisiri, wanamdhania kijana mmoja asiye na senti, aliyekwama hotelini kwa deni, kuwa ndiye. Wa tatu ni mchezo wa nyimbo, *The Pirates of Penzance*, yaani maharamia wa Penzance, wa Waingereza wawili: Gilbert aliyeandika maneno na Sullivan aliyetunga muziki. Wa nne tumeutunga wenyewe, nao ni wa nyimbo vilevile: vyama viwili vya lelemama, ngoma ya wanawake, vya mtaa mmoja, ambao wanachama wake hawasemezani ila kwa vijembe vya kuimba.

Kwa nini hakuna hata tanzia moja?

Kwa sababu futuhi ni ngumu zaidi, na tulitaka kujifunza. Mtazamaji wa tanzia akinyamaza unajidanganya kwamba ameguswa. Wa futuhi akinyamaza, umeshindwa, na kila mtu ukumbini anajua.

Hii ni ile ya mtu mmoja na maikrofoni?

Sio. Hao wachekeshaji tunawapenda, lakini kazi yao ni nyingine. Hapa kuna kisa, wahusika, milango ya kuingilia na kutokea, na mtu aliyejificha chini ya meza akisikia asiyopaswa kusikia. Kichekesho kinatoka kwenye hali aliyomo mhusika. Mzaha mtupu wa kurusha na kuondoka hautakuwapo.

Nyinyi ndio Little Theatre Club?

La. Wale ni klabu kongwe, tangu enzi za ukoloni, na wana jengo lao barabara ya Mnazi Mmoja. Sisi ni kikundi cha mtaa. Ukumbi ni wa kukodi, hapa hapa kisiwani, na tukimaliza tunafagia wenyewe.

Mtacheza kwa lugha gani?

Bahili na mkaguzi ni Kiswahili kitupu: Kimvita, yaani Kiswahili cha Mombasa, kwa wenye nyumba, Kiswahili cha bara kwa wageni wa mji, na Sheng kidogo kwa vijana wa maskani. Mchezo wa lelemama ni Kimvita mwanzo mwisho. Anayetoka Nairobi atakosa kijembe kimoja viwili, lakini hatakosa kujua nani amechomwa.

Maharamia ndio wamechanganyika. Nyimbo tumeziacha Kiingereza, kwa kuwa vina vya Gilbert vimefungamana na mahadhi ya Sullivan kiasi kwamba ukivitoa unabaki na wimbo usio na utani. Kuna ule wa Meja Jenerali anayejisifu kwa kila elimu ila elimu ya vita. Huimbwa mbio hata mwimbaji hapati pa kuvuta pumzi. Mazungumzo yaliyo katikati ya nyimbo ni Kiswahili, na kabla ya kila wimbo mmoja wa maharamia anakusogezea kisa kwa sentensi mbili.

## Saa, tiketi na njia

Saa mbili na nusu: ya Kiswahili au ya Kizungu?

Ya Kiswahili. Usiku. Kwenye simu itasomeka 20:30. Tunaulizwa kila wiki, na kila msimu kuna familia inayofika asubuhi.

Saa hiyo hatukuichagua ovyo. Mombasa iko karibu na ikweta, kwa hivyo magharibi haisogei sana: mwaka mzima jua huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika kumi na saa moja kasorobo. Anayeswali Isha anawahi, mwenye duka anafunga, na joto la kaskazi linakuwa limepungua. Jumapili kuna onyesho la mchana pia, saa tisa na nusu, kwa wenye watoto na wanaovuka feri.

Mnacheza Ramadhani?

Hatuchezi. Mwezi mtukufu tunafunga ukumbi, na mazoezi tunayapunguza kuwa ya kusoma tu, baada ya tarawehe, kwa anayeweza. Mchezo wa kwanza unaanza baada ya Idi, watu wakiwa bado na nguo mpya za kutokea.

Bei ni ngapi, na kwa nini michezo ya nyimbo ni ghali kuliko futuhi?

Bei ya kila mchezo iko kwenye bango lake, na ni hiyo hiyo mlangoni na kwa M-Pesa. Mwanafunzi mwenye kitambulisho analipa nusu. Mtoto wa chini ya miaka 5 halipi akikaa mapajani.

Ama tofauti ya bei, sababu yake ni watu na vyombo. Futuhi ya Gogol inataka meza, viti, kitanda cha hoteli na koti la mkubwa. Mchezo wa nyimbo unataka kwaya, wapigaji, mwalimu wa sauti, mwalimu wa ngoma, maikrofoni, na mazoezi maradufu, kwa sababu kwaya haijifunzi mstari wake siku ambayo mmoja yuko zamu bandarini na mwingine ana mtihani. Wapigaji hawa hutegemea harusi kwa riziki yao. Kila Jumamosi wanayotupa sisi wameikosa kwingine, na hiyo lazima tuwafidie.

Nikikata tiketi nikashindwa kuja?

Pesa hazirudi ila tiketi inahama. Tuma ujumbe kabla ya saa kumi jioni siku ya onyesho, tutakupa usiku mwingine wa mchezo uleule. Ukimpa jirani akaja na tiketi yako, hatuna neno.

Nitafikaje?

Kutoka Kisauni, Nyali, Bamburi au Mtwapa, panda matatu ya mjini ushuke Posta, kisha tuktuk. Kutoka Changamwe na Mikindani, shuka Mwembe Tayari. Onyesha dereva ramani iliyo nyuma ya tiketi. Pa kuegesha gari ni pachache, na jirani yetu mwenye lango la kijani hana subira.

Nikichelewa kwa sababu ya feri?

Likoni tunaijua. Mwenda kwa miguu halipi kuvuka, na mara nyingi ndiye anayefika mbele ya mwenye gari, hivyo ushauri wetu ni uliache gari ng'ambo. Ukichelewa hata hivyo, utaingizwa baada ya sehemu ya kwanza ya mchezo kumalizika, kupitia mlango wa nyuma, na utakaa utakapopata. Katika futuhi ya bahili usiingie kimyakimya ukipita mbele ya jukwaa: bahili ana ruhusa ya kukushuku wizi na kukupekua mifuko.

Mtoto wangu anafaa kuona?

Maharamia ni ya umri wowote. Bahili na lelemama tunapendekeza miaka 8 kwenda juu, si kwa matusi, hayapo, bali mdogo atachoka. Mkaguzi ni kuhusu hongo. Mtoto wa Mombasa anaielewa mapema, lakini vikao vya wakubwa ni virefu.

## Ukiwa ndani

Naruhusiwa kuwajibu wahusika?

Ndiyo, na tunakutegemea. Mtazamaji wa hapa hakai kama aliyepigwa picha, akiona mzee anadanganywa atamwambia, "Mzee, angalia nyuma!" Waigizaji wetu wamezoezwa kusubiri, kupokea, na kurudi kwenye mstari wao. Katika bahili kuna mahali ambapo mwenye pesa, akiwa ameibiwa kasha lake, anawageukia watazamaji na kuwauliza ni nani kati yao mwizi. Hilo halikuongezwa na sisi, Molière aliliandika hivyo. Jibu analopata Mombasa linabadilika kila usiku, na usiku mzuri linachukua dakika nzima.

Mipaka ni miwili. Usimtaje kwa jina mtu aliye ukumbini. Usirudie mzaha uliofaulu. Mara ya pili unamkatia mwenzio.

Je, kumtunza mwimbaji?

Katika mchezo wa lelemama, ndiyo. Ni ada ya taarabu na tungeonekana wa ajabu kuikataza. Kuna nyimbo tatu ambazo taa za mbele zinawashwa makusudi. Inuka, cheza hadi jukwaani, mtunze, rudi. Pesa zote zinaingia kwenye kikapu cha wapigaji. Mwimbaji hachukui, kwa sababu anayeimba kwa sauti nzuri angetajirika na mpiga dumbaki angerudi kwa miguu.

Katika maharamia, tafadhali usipande. Muziki wa Sullivan umeandikwa ukaandikika, hausubiri mtu, na maharamia wana panga mkononi, ingawa ni za mbao.

Kupiga picha na video?

Mwisho, waigizaji wakija kuinama, piga upendavyo na uweke TikTok. Kabla ya hapo, simu mfukoni. Mwanga wake unamtoa mchezoni aliye nyuma yako, na futuhi ikishavuja nusu dakika, mzaha uliotuchukua wiki kuupata hauchekeshi tena Ijumaa inayofuata. Usiku wa wanawake una sheria kali zaidi. Tazama swali lifuatalo.

Kuna onyesho la wanawake pekee?

Moja, la mchezo wa lelemama. Inawezekana kwa mchezo huo kwa sababu waigizaji wote ni wanawake, na usiku huo mpigaji, fundi wa taa na walinzi wa mlango watakuwa wanawake vilevile. Simu zinaachwa mlangoni kwa namba. Watoto wa kiume wa chini ya miaka 7 wanaingia na mama zao. Tumeulizwa kwa nini tusifanye hivyo kwa michezo yote: bahili bila wanaume hatutampata, labda msimu ujao tubadilishe.

Kuna chakula?

Nje, kabla na wakati wa mapumziko: viazi karai, bhajia, sambusa, kachiri, mabuyu, madafu. Ndani maji tu. Kachiri ina kelele kuliko unavyodhani.

Stima ikipotea?

Jenereta ipo na inachukua kama dakika tatu kuwaka. Giza hilo haliharibu kitu. Kwenye mkaguzi waigizaji wanaendelea gizani kana kwamba mji wao umekatiwa kwa kutolipa bili, jambo ambalo kwa wakubwa wale linaaminika. Kwenye michezo ya nyimbo tunasimama, kwa sababu ya ngazi.

Kwa nini msicheze nje, Mama Ngina, panapo ngazi za kukalia na hewa?

Ngazi ni nzuri na mandhari hayana kifani. Lakini kusi ikivuma kutoka baharini inabeba sauti ya mwigizaji na kuipeleka kusikojulikana, na mzaha uliosikika nusu ni mbaya kuliko usiosikika. Kwa ngoma ingefaa. Kwa maneno, tunataka kuta.

## Kuhusu michezo yenyewe

Bahili wa Kifaransa ana nini na Mombasa?

Zaidi ya tulivyotarajia. Mzee tajiri hataki kutoa, amefukia kasha la pesa uani, na yeye na mwanawe wanampenda msichana mmoja bila kujua. Vyote hivyo vimeingia Mji wa Kale bila kusukumwa. Kwetu mzee haamini benki, haamini M-Pesa, na anahesabu maharagwe.

Kitu kimoja kilikataa. Katika mchezo wa asili, bahili anamtaka mkwe mzee kwa kuwa mkwe huyo atamwoa binti bila baba wa msichana kutoa kitu. Kule baba ndiye aliyekuwa akitoa. Hapa mahari hutoka kwa mume, kwa hivyo mzaha ungeanguka. Tukageuza: mkwe wetu mzee anafaa kwa sababu hataki karamu. Kila mtu anapomtajia bahili umri wa mkwe, tabia zake na machozi ya binti, jibu ni moja: "Bila pilau!" Mazoezini limetoka jukwaani likaingia mitaani, tumelisikia kwa kondakta wa matatu.

Mkaguzi: mnamsema mkubwa gani wa hapa?

Hakuna. Gogol aliandika kuhusu Urusi, na Mfalme Nikolai wa Kwanza mwenyewe alikuwepo ukumbini mchezo ulipofunguliwa mwaka 1836. Kama mfalme aliweza kukaa akacheka, na wengine waweze. Hatujaongeza jina la kaunti, rangi ya chama wala msemo wa mtu anayejulikana. Mtazamaji akimwona fulani ndani ya koti lile, amemleta mwenyewe kutoka nyumbani.

Maharamia ni wa Somalia?

Ni wa Cornwall, Uingereza, na ni maharamia duni kuliko wote waliowahi kuandikwa. Wao ni mayatima, kwa hivyo hawamdhuru yatima. Habari zikaenea, sasa kila wanayemkamata anasema ni yatima. Kijana Frederic amefungwa kuwatumikia hadi siku yake ya kuzaliwa ya 21, kisha inagunduliwa kwamba alizaliwa tarehe 29 Februari. Hesabu ya miaka iliyobaki tunakuachia.

Mtachekesha kwa lafudhi za makabila?

Swali hili tulibishana nalo sana. Wahusika wana lafudhi, kwa sababu Mombasa ina Wamijikenda, Waswahili, Wahindi, Waarabu, Wakamba, Waluo na wengineo, na jukwaa lenye lafudhi moja lingekuwa la uongo. Tulichokataa ni lafudhi kuwa ndiyo mzaha wote: mtu anatamka neno, watu wanaanguka, basi. Huo ni mzaha wa mvivu, na tumeuona mno kwenye runinga. Kipimo chetu mazoezini ni hiki: tunamwomba mwigizaji aseme mstari kwa lafudhi yake mwenyewe. Ukibaki unachekesha, lafudhi inarudi. Ukifa, mstari unaandikwa upya.

Lelemama ni kisa cha kweli?

Watu ni wa kubuni. Mazingira ni ya kweli: vyama vya lelemama vya wanawake wa Mombasa vilishindana kwa ngoma, kwa mavazi na kwa nyimbo za kuchomana, na bibi wengi mjini wangali na beti kichwani. Tumetumia mafumbo mapya ili ukoo wa mtu usije kudai. Vyombo ni udi, fidla, dumbaki, tari, na taishokoto, ile zeze ya vibonye iliyotoka Japani ikapata makao katika taarabu ya hapa. Vugo la pembe za nyati linapigwa mara moja, harusini.

## Haki za watunzi

Kwa nini mnacheza michezo ya kale tu? Tunataka zile za filamu.

Kwa sheria ya Kenya, haki za mtunzi zinadumu uhai wake na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Molière alikufa 1673, Gogol 1852, Sullivan 1900, Gilbert 1911. Hawa tunaweza kuwacheza, kuwatafsiri na kuwageuza bila kumwomba mtu.

Mchezo mpya wa nyimbo ni habari nyingine. Kibali kinatoka kwa kampuni kama Music Theatre International au Concord Theatricals, za Marekani. Wanataka kujua viti vingapi, bei gani na usiku mangapi, ndipo watoe bei yao, na neno hulibadilishi bila ruhusa. Kutia Kiswahili ni kulibadilisha. Kibali cha kawaida cha kucheza muziki ukumbini hakitoshi kwa mchezo mzima.

Mfano unaowachanganya wengi: *Pygmalion*, tamthilia ya Bernard Shaw, aliyekufa 1950, iko huru. *My Fair Lady*, ile ya nyimbo iliyotokana nayo mwaka 1956, haiko huru, kwa kuwa walioandika maneno na muziki walikufa miaka ya 1980. Unaweza kucheza kisa, si nyimbo.

Nani atajua mkicheza bila kibali?

Atajua aliyeona video yako. Hata hivyo jibu letu si hilo. Maharamia hawa wenyewe walifunguliwa New York tarehe 31 Desemba 1879 kwa sababu mchezo uliotangulia wa Gilbert na Sullivan ulikuwa umeibwa na makampuni ya Marekani bila kuwalipa hata senti. Kuwacheza hao kisha ukamwibia mtunzi mwingine, hapana.

Mkaguzi si umeshatafsiriwa?

Umetafsiriwa, na Christon Mwakasaka, kwa jina *Mkaguzi Mkuu wa Serikali*. Lakini tafsiri ina haki zake mbali na za Gogol. Sisi tumeandika yetu upya. Aliyesoma ile shuleni asitushtaki kwa mistari kutofanana.

## Kujiunga

Odisheni ni lini na nilete nini?

Wiki sita kabla ya mazoezi ya kila mchezo. Tangazo hubandikwa ukumbini na kusambazwa WhatsApp. Usilete hotuba ya kulia. Tunakupa ukurasa, unasoma na mwenzio, kisha tunakwambia usome tena ukiwa na haraka, au ukiwa na njaa. Tunatazama kama unamsikiliza mwenzio. Mcheshi asiyesikiliza ni mzigo jukwaani.

Siwezi kusoma noti.

Wengi wetu hatuwezi. Kwaya inafundishwa kwa sikio, kwa sauti zilizorekodiwa unazosikiliza kwenye matatu. Waliolelewa na kasida madrasa au kwaya ya kanisa hushika upesi.

Mnalipa?

Nauli, na chakula siku za onyesho. Mwalimu wa sauti, wapigaji na fundi wa taa wanalipwa ujira. Faida ikibaki inalipia ukumbi wa msimu ujao, na hesabu tunazisoma mbele ya wanachama wote.

Mimi ni wa zamu, siwezi kuja kila jioni.

Tuna nafasi mbili kwa kila mhusika mkubwa, kwa sababu hiyo na kwa sababu ya homa. Molière mwenyewe alimcheza bahili akiwa na kikohozi, akakitia kikohozi kwenye mchezo; sisi tunapendelea ubaki nyumbani. Kama hata hivyo huna muda, tunahitaji washonaji, mafundi seremala na watu wa mlangoni. Leso, kofia za vito, masanduku ya bati na simu za zamani za kuzungusha tunapokea kwa mkopo, na unaandikiwa risiti.

## Ya pembeni

Msiba ukitokea jirani na ukumbi?

Hatuchezi usiku huo. Ujumbe unatumwa kwa kila aliyekata tiketi, na tiketi inahama kama ilivyoelezwa juu, ila safari hii anayetaka pesa anarudishiwa.

Chama chetu kinataka kununua usiku mzima.

Inawezekana kwa Jumatano na Alhamisi. Mnalipa bei moja na kugawana viti mtakavyo, lakini hotuba za mgeni wa heshima ni kabla ya mchezo, si katikati, na zisizidi dakika kumi.

Mnaweza kuja kucheza harusini?

Lelemama, nusu saa, ndiyo. Zungumza na kiongozi wa wapigaji, maana wao ndio wenye ratiba ya Jumamosi. Mkaguzi hapana, kuna watu wengi mno jukwaani. Bahili tunawaomba mfikirie mara mbili, na mkiamua, mtuoneshe kwanza upande wa nani unalipia karamu.